Shingo ya Kipaza

Shati jeupe la kazi lilipogoma kufunga kifungo cha juu, Kipaza alimlaumu dobi kwanza, kisha sabuni, kisha aliyefuma kitambaa. Kujilaumu mwenyewe hakukumjia kichwani. Ilikuwa Jumamosi, harusi ilikuwa inamsubiri, na mtu anayelipwa kuchekesha watu hana nafasi ya kujilaumu siku za Jumamosi.

"Limerudi hili, limekuwa dogo," alimwambia mkewe.

Mkewe alikuwa fundi mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ndiyo karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia iliyokula nusu ya sakafu, na mapazia ya watu yamening'inia kila upande, kiasi kwamba mgeni akiingia ilimbidi apapase kama anayetafuta mlango wa jukwaa. Alikuja na pini mdomoni, akaingiza vidole viwili kati ya kola na ngozi, kama alivyozoea kupima upindo. Vidole vikasimama hapo hapo.

Akatoa pini mdomoni. "Shati halijarudi. Wewe ndiye umeongezeka."

"Nimenenepa kidogo."

"Upande mmoja?"

Chini ya taya la kushoto kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la njiwa. Haukuuma. Ulikuwa mgumu na ulitulia mahali pake kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

"Mafindofindo," alisema Kipaza, kwa uhakika wa mtu asiyejua lolote.

Koo lilikuwa linamsumbua kwa miezi. Alikuwa anahisi kitu kama mwiba wa samaki uliokataa kushuka, na kila akimeza, sikio la kushoto lilichoma. Alikuwa amejitibu mwenyewe kwa maji ya chumvi, kwa vidonge vya duka la dawa, kwa tangawizi na kwa kunyamaza. Tiba hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshinda upesi. Alinyamaza mpaka simu ilipoita.

Jina lake la Kipaza lilitokana na kipaza sauti, na lilikuwa limemganda hivi kwamba hata mama mkwe alilitumia. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, mahafali na sherehe za kustaafu. Alijua kuujaza ukumbi usio na umeme kwa sauti yake tu. Jumamosi ile alifunga tai ya kipepeo juu ya kola iliyoachama, akaenda, na mbele ya maharusi akasema maneno ambayo watu walikuwa wakiyangoja kila wakimwona.

"Bwana harusi, tosheka na mmoja. Mimi nina nyumba ndogo tatu, na zote zinavuja."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Ukweli ni kwamba Kipaza hakuwahi kuwa na nyumba ndogo hata moja, ya kuvuja wala isiyovuja. Wala si kwa utakatifu. Alikuwa mvivu, alikuwa mwoga, na baada ya kila sherehe miguu ilimuuma kiasi kwamba kitu pekee alichokitamani duniani kilikuwa beseni la maji ya moto. Lakini hilo halichekeshi, kwa hiyo hakuwahi kulisema.

* * *

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alipoingiza mpira mwembamba wenye kamera puani mwa Kipaza, ukashuka mpaka kooni, machozi yakamtoka mgonjwa bila hiari.

"Tulia, mzee. Pumua kwa pua." Akautazama uso wake vizuri kidogo. "Wewe si ndiye ulisherehesha harusi yangu?"

Kipaza, mwenye mpira puani, akaitikia kwa nyusi.

"Ulisema anayeoa daktari ajiandae kuvuliwa shati kila akikohoa. Baba mkwe wangu analirudia mpaka leo." Akauvuta mpira taratibu. "Sasa vua shati."

Alimpapasa shingo pande zote mbili, akamtazama tena kooni, akakata kipande kidogo cha nyama kwenye findo kwa ajili ya vipimo. Kipaza alitafuta mzaha wa kumjibu akaukosa, akajifariji kwamba ni kwa sababu ya ganzi.

Majibu yalipotoka alikwenda na mkewe. Waliketi mbele ya meza ya daktari, juu yake kukiwa na sikio kubwa la plastiki linalofunguka vipande vipande. Kipaza alilikazia macho sikio lile tangu walipoingia.

"Ni saratani," daktari alisema. "Sitaizunguka. Imeanzia kwenye findo la kushoto, ikaweka kituo shingoni. Huo ndio uvimbe mliouona."

Mkewe alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Kipaza alisikia neno lile likipita kama jina la mtu mwingine lililoitwa kimakosa.

"Lakini havuti sigara," alisema mkewe. "Pombe anaishika tu ili apigwe picha."

"Hii haikutoka kwenye sigara. Tumepima, imeletwa na virusi. Vinaitwa papiloma, wengi wanavijua kama HPV. Mama, bila shaka umevisikia. Ndivyo vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi."

Hapo mdomo wa Kipaza ukafanya kazi yake bila kumwomba ruhusa. "Daktari, mimi shingo ninayo moja tu, na ni hii."

"Virusi hivi havichagui shingo, mzee."

Hakuna aliyecheka. Kipaza alihisi mzaha wake umekaa katikati ya meza, kando ya lile sikio, na hakuna wa kuuondoa.

Daktari aliendelea kwa sauti ile ile. Alisema aina hii inasikia dawa kuliko ile ya wavutaji, kwamba watatumia mionzi pamoja na dripu za dawa, kwamba matumaini ni makubwa kama hawatachelewa. Kisha akasema kwamba virusi hupitishwa kwa kujamiiana, na vile vya kooni mara nyingi hupita kwa mapenzi ya mdomo.

Mtu aliyewahi kuongea mfululizo tangu umeme ulipokatika mpaka uliporudi, huku mapaja ya kuku yakipoa, alikosa hata neno la kufunika aibu. Akaomba maji. Mkewe naye aliikagua zipu ya mkoba kana kwamba kesho atatakiwa kuishona.

"Msitazamane hivyo," daktari alisema, ingawa hawakuwa wanatazamana. "Watu wengi wamewahi kuwa navyo, pengine hata sisi tuliomo humu. Mwili huvifukuza wenyewe. Kwa wachache vinajificha miaka mingi, halafu ndiyo hivi."

"Miaka mingapi?" mkewe aliuliza.

"Ishirini. Thelathini. Hata zaidi."

"Haviwezi kuwa vya mwaka jana?"

"Saratani kama hii haikui haraka hivyo. Lakini nani alimpa nani, na lini, hakuna kipimo cha kuonyesha. Nawaomba msipoteze muda kumtafuta mtu."

Walianza kumtafuta kabla hawajafika barabarani.

* * *

Yaani mkewe ndiye aliyeanza, na alianza kwa kunyamaza. Alifika nyumbani, akakalia kiti cha cherehani, akashona pazia la mteja upande mmoja mpaka mwisho. Kipaza alisimama katikati ya mapazia kama mtu aliyesahau maneno yake.

"Nyumba ndogo ya kwanza iko wapi?" mkewe aliuliza, mgongo ukiwa kwake.

"Mama Kitinda, ule ni mzaha wa kazi."

"Najua ni wa kazi. Nauliza ya kwanza iko wapi, halafu utaniambia ya pili."

"Hazipo. Hakuna hata moja."

"Kila Jumamosi unawatangazia watu zipo. Wameshakusikia maelfu. Mimi nikisimama peke yangu nikasema hazipo, nani ataniamini? Mimi mwenyewe najaribu kujiamini, nashindwa."

Kipaza alikaa juu ya marobota ya vitambaa. Hakuwahi kufikiri angefikia umri ule wa kuomba aaminiwe kwamba hakuwahi kupendwa ovyo. Alijaribu kutoa ushahidi. Alimkumbusha miguu yake na beseni. Alimkumbusha kwamba yeye hulala kwenye kiti kabla ya taarifa ya habari kwisha. Kila alichokisema kilimfanya aonekane mtu mwema na mwanamume wa hovyo.

"Niangalie vizuri," alisema mwishoni. "Tumbo hili, kipara hiki. Nani angenitaka?"

Mkewe aligeuka kwenye kiti. "Mimi nilikutaka."

Kipaza akaushusha mkono uliokuwa kiparani.

"Mtu anayedanganya vizuri hivyo kwenye kipaza sauti," mkewe alisema taratibu, "nitamjuaje anaposema kweli jikoni?" Akarudi kwenye cherehani. Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza bei na kweli anataka kuijua.

* * *

Habari zilimfikia dada yake Kipaza, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyekuwa akiingia nyumbani kwa watu kama anaingia darasani. Alikuja Jumapili mchana na mfuko wa plastiki mkononi. Akaketi mahali pekee pasipokuwa na kitambaa, akafungua mfuko, akatoa kikombe kilichozongwa kwa gazeti, akakiweka mezani.

"Nimekuja na changu," alisema. "Mdogo wangu, usinielewe vibaya."

Kipaza alikielewa kikombe vizuri sana. Kilikuwa na picha ya maua.

Kitinda, binti yao wa mwisho, alileta birika la chai na kujibanza nyuma ya pazia la jikoni, akidhani miguu yake haionekani. Shangazi yake hakujali kama anasikia.

"Nimeambiwa ni ugonjwa wa uzinzi."

"Ni ugonjwa wa koo, dada."

"Koo la uzinzi. Nilikuonya kuhusu kazi hii. Kila wiki wanawake wamejipamba, muziki, vinywaji. Sasa mkeo ameketi hapa anashona wakati wewe umemletea ugonjwa ndani. Mpigie magoti umwombe msamaha, mbele yangu, halafu tutaangalia namna ya kukuuguza."

Jambo la ajabu ni kwamba Kipaza alianza kuinuka. Alikuwa amechoka hivi kwamba alifikiri, kama kupiga magoti kutamwondoa dada yake humu ndani, basi magoti ni kitu gani. Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya keki za watu ili kuwachekesha. Goti moja lilikwishagusa sakafu, na kiuno kikamwambia kwamba kurudi juu kutakuwa kazi, cherehani iliponyamaza.

"Wifi," mkewe alisema, "huenda ugonjwa umetoka kwangu."

Dada akageuka. "Nini?"

"Virusi. Huenda mimi ndiye niliyempa. Kabla ya kaka yako nilikuwa na mtu. Tulikaa pamoja karibu miaka miwili. Daktari alisema hata miaka thelathini nyuma. Nimepiga hesabu, inafika."

Nyuma ya pazia la jikoni, miguu ya Kitinda ilisogea.

"Lakini wifi, mambo kama haya hayasemwi," dada alisema, sauti ikiwa imeshuka.

"Umeyasema wewe, mimi nimeyamalizia. Na hauambukizwi kwa kikombe, tuliuliza. Chai hii hapa. Ukinywea changu, sawa. Ukinywea chako, sawa. Ila kaka yako hapigi magoti kwenye chumba changu cha kazi, kuna pini sakafuni."

Kulikuwa na pini kweli. Kipaza alikuwa ameshaipata kwa goti. Dada alikunywa chai yake kwenye kikombe chake, na alipoaga alimpa wifi yake mkono kwa heshima ambayo haikuwahi kuonekana kwake kabla ya siku ile. Kaka yake alipungiwa tu kutoka mlangoni.

Mapazia yalipotulia, Kipaza akajikohoza.

"Karibu miaka miwili?"

"Ndiyo."

"Zamani uliniambia ni miezi."

Mkewe alimgeukia. "Una saratani, halafu unaona wivu."

"Naweza kuwa navyo vyote viwili."

Mdomo wa mkewe ulicheza kidogo upande mmoja, ukarudi. Kipaza alikihesabu kile kama kicheko. Ndicho pekee alichokipata tangu wiki ianze, na hakikutokana na nyumba ndogo.

"Kwa nini umemwambia?" aliuliza.

"Nilikuona unasulubiwa peke yako, na nikajikuta nafurahia kidogo." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Nikaona haya. Mimi nilikuwa najua tangu kwa daktari kwamba na mimi nina yangu. Nilikuwa nakuuliza wewe ili nisijiulize."

* * *

Kitinda ndiye aliyeleta habari za chanjo. Aliyasema mambo hayo mezani huku akiangalia sahani, kama mtu anayeripoti kosa la mwingine.

"Wauguzi wanakuja tena shuleni. Wasichana wa darasa letu. Ila mimi simo."

"Kwa nini humo?" Kipaza aliuliza.

Mama na binti walimwangalia kwa pamoja.

Kipaza akakumbuka. Mwaka uliopita, kwenye mkutano wa wazazi, muuguzi alikuwa ameeleza kwa utaratibu kabisa juu ya chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya shingo ya kizazi, na wazazi walianza kusinzia. Mwenyekiti akampa Kipaza kipaza sauti achangamshe ukumbi. Naye akasema, "Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, shingo ya kizazi mnaichanjia nini? Mchanjeni mdomo, ndio unaonisumbua." Wazazi walicheka mpaka wengine wakainama. Muuguzi alikusanya vitu vyake. Siku ya chanjo, nusu ya wasichana hawakuchanjwa, na wa kwanza kati yao alikuwa wa Kipaza mwenyewe, maana baba asingeweza kuwachekesha watu halafu akageuka.

Hakupata usingizi mzuri baada ya hapo. Aliwaza kwamba kati ya mizaha yote aliyowahi kuitoa, ule ndio uliofanya kazi kweli.

Mkutano wa wazazi uliitishwa kabla mionzi haijaanza. Mkewe alimshauri aende kwa mwalimu mkuu ofisini, aseme kimya kimya. Kipaza alisema upuuzi ulisemwa kwa kipaza sauti, ukweli hauwezi kwenda kwa kunong'ona. Lilikuwa neno zuri na alilipenda mwenyewe. Alilijutia alipofika mbele ya ukumbi na kuona nyuso zote zimeshaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo.

"Wazazi wenzangu, mimi ni mgonjwa."

Watu wakacheka.

"Nina saratani ya koo."

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ni zile nyumba ndogo," na ukumbi ukalipuka. Kipaza alingoja kicheko kitulie. Hakuwahi kungoja kicheko kiishe. Siku zote alikuwa akikipanda juu kama farasi. Sasa aliona kinavyotisha ukiwa chini yake.

Akafungua vifungo viwili vya shati, akaishusha kola.

"Mwenyekiti, hebu njoo ushike hapa."

Mwenyekiti wa wazazi alikuwa mwenye bucha, mtu mkubwa anayecheka kwa tumbo. Alipanda akiendelea kucheka, akaweka vidole vyake shingoni mwa Kipaza. Huyu alikuwa amekata nyama maisha yake yote. Vidole vilikaa pale kwa kitambo, kisha akaviondoa, akavifuta kwenye suruali bila kujua anavifuta, na tumbo lake halikucheka tena. Watu walimtazama mwenyekiti kuliko walivyomtazama Kipaza. Kicheko kikafa safu kwa safu, kuanzia mbele.

Kipaza alisema aliyoyajua. Alisema virusi vilivyomkalia kooni ni vile vile vya chanjo ya wasichana. Alisema chanjo haimsaidii yeye, amechelewa. Inamsaidia mtoto ambaye bado havijamfikia. Alisema mwaka jana aliwadanganya, ingawa yeye mwenyewe hakujua kama anadanganya, na hilo halimpunguzii kitu.

Mama mmoja aliinua mkono. "Samahani kwa kuuliza. Wewe ulivipataje?"

"Kwa kuwa mtu mzima," Kipaza alisema. "Zaidi ya hapo hata daktari hajui."

Baba mmoja mwenye suti akasimama. "Huku si kuwafungulia watoto mlango wa tabia mbaya?"

"Mzee mwenzangu, mimi sikuchanjwa, na mlango niliufungua mwenyewe."

Kicheko kidogo kilipita, tofauti na kile cha kwanza. Yule wa suti hakucheka; alichukua mke wake wakaondoka. Wengine wawili watatu wakawafuata. Muuguzi, ambaye alikuwa yule yule wa mwaka jana, hakumpongeza Kipaza wala hakumtazama kwa wema. Aliwaambia tu wazazi waliobaki kwamba watakaotaka watoto wao waongezwe wampitie mlangoni. Mstari ulikuwa mfupi kuliko Kipaza alivyotarajia, lakini ulikuwepo.

Kitinda alikuwa amesimama dirishani nje na wenzake, na alisikia yote. Walirudi kwa miguu, yeye akiwa mbele ya baba yake kwa makusudi, mpaka walipokaribia nyumbani.

"Umeniaibisha, baba."

"Najua."

"Wote sasa wanajua mambo yenu. Wewe na mama."

"Samahani, mwanangu."

Alitembea kidogo. "Lakini nitachanjwa?"

"Utachanjwa."

"Inauma?"

"Sijui. Nilikataa kabla sijauliza."

* * *

Mionzi ilimfundisha Kipaza vitu ambavyo angelipa asivijue. Walimtengenezea kinyago cha plastiki chenye umbo la uso wake, wakawa wanamfunga nacho mezani ili asitikisike, na alipokiona mara ya kwanza alishangaa kwamba hata bila macho kilionekana kinataka kusema kitu. Mate yalimkauka. Chakula kikawa kama karatasi. Alikula uji na supu iliyochujwa, kijiko kwa kijiko, mkewe akimtazama kama anavyomtazama mteja anayejaribu kukimbia bila kulipa. Ngozi ya shingo ikaungua, ikawa nyeusi, ikabanduka. Sauti ikapungua wiki hadi wiki, mpaka ikabaki kitu kama upepo unaopita chini ya mlango.

Harusi zake zilichukuliwa na mshereheshaji mwingine, mtu wa suti zinazong'aa. Jirani alileta video ya mojawapo ya harusi hizo kwenye simu. Yule mtu alikuwa amesimama na kusema ana nyumba ndogo tatu na zote zinavuja. Watu walivunjika mbavu.

"Ameuiba," Kitinda alisema kwa uchungu.

"Mwache ahamie humo," Kipaza alinong'ona. "Na paa lake linalovuja."

Mwisho wa matibabu, daktari alimwingiza tena ule mpira puani, akatazama kwa muda, akasema findo limesafika na uvimbe umenywea, na kwamba wataendelea kumwangalia mara kwa mara kwa miaka. Sauti ingerudi, pengine si yote. Kipaza alishukuru kwa kichwa. Daktari akamgeukia mkewe.

"Na wewe, mama, umeshapima shingo ya kizazi?"

Mkewe akasema amekuwa na kazi nyingi.

* * *

Kliniki ya wanawake ilikuwa upande wa pili wa hospitali hiyo hiyo, mwisho wa korido iliyopakwa rangi ya maziwa. Kipaza alikuwa mwanamume pekee kwenye benchi. Wanawake walisogeana kumpa nafasi, wakamtazama, wakaacha kumtazama.

Mkewe aliitwa. Akampa mkoba wake aushike, akaingia, mlango ukafungwa.

"Si ni Kipaza huyu?" mwanamke mmoja alimuuliza mwenzake, kisha akainama mbele. "Kipaza, hebu tuchekeshe, tunaogopa hapa."

Alifungua mdomo. Tatizo halikuwa sauti. Ya kuwafikia watu wa benchi moja alikuwa nayo. Alipekua kichwani mwake pale ambapo siku zote kulikuwa na kitu, akakuta hakuna kitu. Ugonjwa wake mwenyewe alikuwa ameufanyia mzaha tangu siku ya kola. Huu wa nyuma ya mlango, ambao pengine haupo, ambao pengine ni yeye aliyeupeleka, hakuwa na hata mmoja wa kuufaa. Akatikisa kichwa kuomba radhi. Yule mwanamke akamgusa bega, akarudi kuegemea ukuta.

Alikaa. Mlango ulifunguka mara nyingi, ukatoa watu wengine.

Mkewe alipotoka, hakuwa na haraka. Aliketi kando yake, akanyoosha sketi magotini.

"Kuna sehemu ndogo ilikuwa inaanza kubadilika," alisema. "Si saratani. Wameichoma papo hapo. Nitarudi mwakani waangalie."

"Iliuma?"

"Kidogo." Alimtazama, akangoja. Alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kujua kwamba hapo panakuja neno. Halikuja. Aliona midomo yake iliyopasuka ikijaribu, na macho yake yakijaa maji.

"Leo hata wewe huna mzaha," alisema kwa upole.

"Nilikuwa naogopa," Kipaza alinong'ona.

"Najua."

"Sikuwa na nyumba ndogo."

"Hilo pia najua, baba Kitinda. Twende."

Aliinuka, akanyoosha mkono kudai mkoba wake. Kipaza hakuutoa. Ulikuwa mkoba wa kike mwekundu wenye kamba ya dhahabu iliyochubuka, na kutoka hapo mpaka getini kulikuwa na korido nzima, uwanja wa maegesho na wauza matunda waliomjua kwa jina. Akauvaa begani, upande ambao shingo haikuungua, wakatoka nao taratibu, maana mkewe alikuwa bado anatembea kwa uangalifu. Mtu fulani kwenye maegesho akapaza sauti kumsifia mkoba, wengine wakacheka. Kipaza aliwapungia, akampunguzia mkewe hatua, wakaendelea kwenda.